Moto Mdomoni mwa Mkwe

Machi 4

Leo mteja ameondoka kwenye kiti changu na nusu ya ndevu zake.

Ni mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, ananyoa kwangu tangu nilipofungua duka. Nilishampaka povu, nimemaliza shavu la kulia, nikamshika ncha ya pua kwa vidole viwili ili nipitishe wembe juu ya mdomo. Akabana pumzi. Nikadhani anaogopa wembe, kumbe anavikimbia vidole. Pumzi zilipomwishia akausukuma mkono wangu.

"Fundi, nisamehe," akasema. "Nimevumilia miaka mingi. Vidole vyako vinanuka jivu lililokojolewa na paka."

Benchi zima likacheka. Akajifuta kwa taulo langu, akatoka na shavu moja safi na jingine kama shamba lililotelekezwa.

Nikaenda nyuma ya duka, nikavinusa vidole. Kweli tupu. Na nilichofanya baada ya hapo? Nikawasha sigara nitulize aibu. Huo ndio uchafu wenyewe: mtu atapike, kisha ajifute kwa matapishi.

Machi 6

Nimekwenda zahanati. Muuguzi ni mama mwenye sauti inayokata kama mkasi. Hakunihubiria. Kaniambia mambo mawili tu: niandike kila hamu inaponibana, na nitafute mtu wa kunishika mkono, kwani peke yangu sitafika mbali.

"Mke wangu yupo," nikasema.

"Umeshawahi kumdanganya kuhusu sigara?"

Nikacheka.

"Basi huyo umeshamzoea. Tafuta mtu ambaye ukimdanganya utaona haya."

Nimewaza njia nzima, sijampata. Nimejiwekea ahadi: mvua za kwanza zikinyesha, naacha.

Machi 9

Mawingu tu. Nimevuta kama mtu anayeweka akiba ya njaa.

Machi 13

Imenyesha tangu asubuhi. Ahadi ni deni.

Jirani yangu ni fundi viatu, tunamwita Kiberiti kwa kuwa hakosi njiti ya kiberiti nyuma ya sikio. Mimi na yeye tumevutia chini ya upenu mmoja, nyuma ya maduka yetu, miaka nenda miaka rudi, na vipisi tunavitupa kwenye kopo moja la rangi. Leo nilimpa pakiti yangu yote iliyobaki.

"Wewe uache?" akasema. "Labda samaki nao waanze kuogopa maji."

Nikatazama ndani ya kopo. Maji ya mvua yameingia, yamekuwa mchuzi wa rangi ya chai iliyolala, na vipisi vimevimba ndani yake kama funza. Makohozi yanaelea, yangu na yake, sijui lipi la nani. Nimesimama juu ya kopo lile kila siku nikijiona mtu mzima mwenye starehe zake.

Machi 15

Nimemgombeza mteja kwa kuwa na kichwa kikubwa.

Machi 18

Kana kwamba shida hazitoshi, mama mkwe amekuja. Mvua imeangusha ukuta wa nyumba yake, na mpaka utakapojengwa upya atakaa kwetu. Mke wangu amehamisha cherehani yake sebuleni ili mama apate chumba.

Huyu mama hajawahi kunipenda, wala hakuficha. Nilipopeleka posa alisema mbele ya wazee wa pande zote mbili, "Binti yangu haolewi na bomba la moshi." Baba mkwe, Mungu amrehemu, ndiye aliyenitetea. Leo nimempokea mizigo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akavuta hewa puani kama anayekagua nyama sokoni. "Mkwe, koo lako bado unalichoma?"

"Nimeacha, mama."

"Tutaona."

Ana jicho kama kibanio. Anatafuna tangawizi kutwa, anatema makapi kwenye kikopo chenye mfuniko, na kikopo hakimwachi mkono hata anapokwenda kuoga. Kinanitia kinyaa.

Machi 20

Pua yangu imefufuka, na heri ingebaki imekufa. Sikujua kwamba vichwa vya watu vinanuka. Taulo zangu zinanuka unyevu na masikio ya wageni. Koti langu la kazi nimelifua kwa maji ya moto mara tatu, na kila mara yanatoka maji ya njano. Nimelala na mke wangu katika harufu hii, nikampakata mtoto wetu katika harufu hii, na hakuna aliyenifukuza. Walinistahi au walichoka?

Machi 22

Nimekohoa kitu cheusi chenye umbo la konokono. Nimekitazama. Nacho kilinitazama.

Machi 24

Naandika dukani, mteja hakuna, mvua imefunga njia.

Asubuhi nilizunguka nyuma ya nyumba kuangalia mfereji unaopeleka maji ya bati kwenye tangi. Kabla sijafika kwenye kona, pua ikaniambia. Nikajua ni tumbaku, tena mbichi, kali, ile isiyo na kichungi. Nikadhani hamu inanichezea.

Kati ya tangi na ukuta amechuchumaa mama mkwe, mtandio kichwani, mvua inamdondokea. Mkononi ana kile kikopo tu. Mdomo umefumbwa, mashavu yamebonyea ndani. Halafu moshi mwembamba ukamtoka puani. Aliponiona hakushtuka. Alitazama kando, akafungua mdomo, akaingiza vidole viwili na kutoa sigara. Upande wa moto ndio uliokuwa ndani. Ncha ikang'aa, imelowa mate, ikilia *sss* kwa matone ya mvua. Akaizima ndani ya kile kikopo na kukifunika.

"Hukuona kitu," akasema.

"Nimeona, mama."

"Basi utasema nini, na mimi nikuitikie nini? Mkwe kumkuta mkwe hivi!" Akajifunika uso. Mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona mama huyu akiona haya.

Kisha akaongea, haraka haraka, kama mtu anayetema. Alipokuwa msichana alifanya kazi kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku. Wanawake wa pale wote walivuta hivi, moto ndani. Mwanamke akionekana na sigara anapigwa, lakini moto ukiwa ndani hakuna anayeuona, na wala upepo hauuzimi. Amevuta hivyo ujana wake wote na ndoa yake yote. Mumewe alikufa hajui, au alijua akanyamaza. Binti yake hajui mpaka leo. Tangawizi ni ya kufukuza harufu.

"Na mimi ukanikataa kwa ajili ya moshi!" nikasema. Nilikasirika kwelikweli.

"Nilikukataa kwa sababu niliijua harufu yako," akasema. "Ni yangu. Sikutaka mwanangu aolewe nayo."

Mbele ya macho yangu naona ile ncha ya moto ikitoka kwenye ulimi wa bibi mzima. Na lililonichefua zaidi ni hili, naliandika ili nisilisahau: nilipoitazama sigara ile iliyolowa mate ya mkwe wangu, mate yalinijaa mdomoni. Niliitamani.

Hapo nikakumbuka maneno ya muuguzi. Mtu wa kumwonea haya nilikuwa nimesimama mbele yake.

"Mama, tuache wote wawili."

"Mimi? Kaburi liko karibu kuliko duka la sigara."

"Basi nisaidie mimi niache. Na mimi nikusaidie wewe."

Aliyatazama maji ya tangi mpaka yakaanza kumwagika. Kisha akanyoosha kidole. "Mke wako asijue."

"Asijue."

Tumekubaliana kila asubuhi tukutane pale tangini, tupuliziane pumzi usoni. Atakayenuka amekwisha. Mkwe na mkwe kupuliziana pumzi! Hata nikisimulia nani ataniamini?

Machi 25

Nilipuliza. Akanusa, akaitikia kwa kichwa: safi. Akapuliza yeye. Tumbaku haikuwepo. Ila chini ya tangawizi kulikuwa na harufu nyingine, kama nyama iliyosahaulika kabatini. Mtu mzima hanuswi akaambiwa.

Machi 29

Ameamka na ghadhabu zake. Kasema chumvi haipo, kasema chumvi imezidi, kaniita bomba mbele ya mtoto. Najua kinachomwasha, maana mimi mwenyewe leo nimeupiga teke mlango wa duka. Mke wangu amesimamisha cherehani, akatutazama. "Hivi ninyi mmekuwa marafiki lini? Kila asubuhi mko nyuma ya nyumba."

"Tunaangalia mfereji," mama akasema.

"Mfereji una nini?"

"Unavuja," nikasema.

Aprili 2

Nimeanguka, tena nimeangukia mavini.

Mvua ilinyesha siku nzima, wateja hawakuja, Kiberiti hakufungua. Nilikaa nikitazama vioo. Kila kioo kina mtu mmoja anayetaka sigara. Nikatokea nyuma, chini ya upenu, nikainama juu ya lile kopo, nikatia mkono kwenye mchuzi ule. Nikachagua. Ndiyo, nilichagua, kama mama anavyochagua nyanya. Nikapata kipisi kirefu chenye rangi ya mdomo ya mwanamke nisiyemjua, labda mteja wa Kiberiti. Nikaingia nacho dukani, nikafunga mlango, nikawasha mashine ya kukaushia nywele, nikakikausha.

Kilipokauka kikawa na madoa kama ngozi ya chura. Nikakivuta. Kilikuwa na ladha ya rangi ya mafuta, mate na maji ya paa. Nilikivuta mpaka kikaniunguza mdomo. Kisha nikatapika kwenye beseni la kuoshea wateja vichwa, na nilipokuwa nimeinamia beseni lile nilijiona mara tatu, kwenye vioo vyote vitatu.

Aprili 3

Sikuweza hata kupuliza. Mama alinisogelea tu akajua.

"Umevuta."

"Nimevuta."

"Alikupa nani?"

Nikamweleza. Kopo. Rangi ya mdomo. Mashine ya kukaushia nywele. Nilidhani atanitemea mate. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika tangi, machozi yakamtoka, akasema, "Mashine ya nywele! Ee Mola, mkwe wangu amekipendezesha kipisi kabla ya kukivuta!" Nami nikacheka, kwa aibu. Kicheko kikageuka kikohozi. Akaziba mdomo kwa pembe ya mtandio, na alipouondoa palikuwa na damu.

"Ni jino," akasema.

"Mama, fungua mdomo."

"Nifungue mdomo mbele ya mkwe? Umerukwa na akili?"

"Mimi ni kinyozi. Watu hunipa shingo zao. Nipe mdomo."

Sijui kwa nini alikubali. Labda kwa kuwa alinicheka, na mtu uliyemcheka hivyo humwogopi tena. Nikawasha tochi ya simu. Ulimi una utando wa kahawia. Meno yameungua kwa ndani. Na juu, kwenye paa la mdomo, pale ambapo moto ulikaa miaka yote hiyo, ngozi imekuwa nyeupe kama chokaa iliyobanduka, na katikati kuna kidonda chenye kingo ngumu. Ile harufu ikanijia yote usoni. Nilijilazimisha nisirudi nyuma.

"Kina muda gani?"

"Kabla ya mvua. Kinakuja, kinaondoka."

"Twende hospitali."

"Nikienda, mwanangu atajua." Akafumba mdomo. "Ukimwambia, mimi na wewe basi. Sikutanii."

Aprili 4

Sijamwambia.

Aprili 5

Sijamwambia. Nimekula mezani nao, mama anatafuna upande mmoja, nami namtazama. Nimelijua jambo hili na ninakula. Najichukia.

Aprili 6

Nimemwambia.

Mke wangu alikuwa anashona sare za shule. Alisikiliza bila kuinua mguu kwenye cherehani, sindano ikazidi kukimbia mpaka kitambaa kikaisha naye bado anashona hewa. Kisha akanigeukia mimi kwanza.

"Kwa hiyo mfereji hauvuji."

"Hauvuji."

"Mmenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu. Wewe na mama yangu. Mmechekea wapi, kule nyuma?"

Nilisema tuliona haya. Akasema, "Mlinionea haya mimi, hamkuona haya kumwacha aoze?" Neno lile limenichoma, kwa kuwa ni kweli, nami nilishaunusa uozo huo tangu ile asubuhi ya kwanza.

Akaingia chumbani kwa mama yake. Nilisikia sauti mbili, kisha moja, kisha kilio, sikujua cha nani. Mama alipotoka alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekohoa kwenye chungu.

Aprili 9

Hospitali. Daktari amekata kipande kidogo wakapime. Mama hajanisemesha njia nzima. Kwenye foleni alimuomba mgeni amshikie kikopo, nami nimekaa ubavuni kwake.

Aprili 11

Haji tena tangini. Nimekwenda peke yangu, nikapulizia ukuta.

Aprili 14

Mchana mvua ilipumzika kidogo. Nilipofika nyumbani kula, nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye ngazi ya mbele, mlangoni kabisa, watu wakipita. Anavuta. Safari hii moto uko nje, kama mwanaume. Majirani wamesimama. Mtoto wetu amesimama. Mke wangu yuko dirishani, mkono mdomoni.

"Karibu, mkwe," akasema kwa sauti ya kusikika mtaani. "Si ulitaka watu wajue? Nimekusaidia."

Nilimchukia. Naandika kweli: kwa dakika ile nilimwona bibi mchafu, mdomo umeoza, anaupaka uchafu wake mlangoni kwangu. Halafu nikaona anavyovuta. Hajui kuvuta moto ukiwa nje. Moshi unamwingia machoni, ameishika sigara kama kijiko cha moto, na kila akivuta uso unajikunja kwa maumivu ya kidonda. Hakuwa anastarehe. Alikuwa anajipiga.

Nikakaa chini, ngazi moja naye. Akanisogezea.

"Vuta basi. Nani atakunusa sasa?"

Ilikuwa karibu na midomo yangu kiasi cha kulisikia joto lake. Ncha yake ina damu.

"Mama," nikasema, "nina hamu mpaka meno yananiuma. Nikivuta hii nitamaliza pakiti, na kesho nitarudi kwenye lile kopo. Wewe unanijua. Usinipe."

Akaurudisha mkono wake.

"Ulinisaliti," akasema, sasa kwa sauti ya chini.

"Nilikusaliti."

"Ungeninyamazia."

"Ningekunyamazia ningekuzika."

Akaitumbukiza sigara kwenye dimbwi lililokuwa miguuni petu, ikalia, ikanyamaza. Kisha akamwita binti yake kwa jina la utotoni, ambalo sijawahi kulisikia, na mke wangu akatoka, akakaa upande wa pili. Tulikaa watatu pale mpaka majirani wakachoka kututazama.

Aprili 15

Amekuja tangini. Na mke wangu amekuja. Ametupulizia na yeye, ingawa hajavuta maishani mwake. Amesema hataki kuachwa nje tena.

Aprili 18

Majibu yametoka. Ni saratani. Daktari amesema haijasambaa, lakini lazima wakate sehemu ya paa la mdomo, kisha watampa kipande cha plastiki cha kuziba. Mama aliuliza swali moja tu: "Nitaweza kugombana?" Daktari akasema, kwa shida. "Basi kateni."

Aprili 20

Kiberiti kanisikiliza habari yote, akatikisa kichwa, "Maskini bibi wa watu." Akawasha nyingine.

Aprili 25

Wamemkata leo. Nimesubiri barazani na mke wangu. Kila mlango ulipofunguka, wanaume waliokuwa wakivuta nje waliingia na harufu yao. Nilibana pumzi kama yule mwalimu.

Mei 1

Sijui nilitarajia nini. Uso umevimba kama mkate uliochacha. Kila akinywa maziwa yanamtoka puani, pamoja na damu na vitu vingine, na mke wangu anafuta, na mimi nafuta. Wodi nzima inanuka mabandeji. Jana nilipokuwa namfuta kidevu alinipiga mkono, akaandika hewani kwa kidole: *usikunje uso*. Nilikuwa nimekunja. Nikamwomba radhi. Kwa hili pia sijui kama nachukia ugonjwa, sigara, au moyo wangu ambao hauwezi kumpenda mtu bila kwanza kumwonea kinyaa.

Mei 8

Leo nimemnyoa yule mwalimu. Mashavu yote mawili. Hakubana pumzi.

Mei 16

Mama amerudi nyumbani. Plastiki imeingia. Anaongea kwa puani, kama mtu aliye ndani ya pipa, na nusu ya maneno hatuyapati. Mtoto ndiye anayemwelewa kuliko sisi wote, anatutafsiria. Neno la kwanza alilonitafsiria: "Bibi anasema umenenepa."

Mei 23

Mvua zimekata. Matope yanakauka, na mtaa mzima unanuka vitu vilivyokuwa vimefichwa na maji.

Nilidhani kufikia sasa ningekuwa mtu mwingine. Nimetumwa maziwa ya mama. Njiani akanipita kijana mmoja anavuta, amevaa vizuri, anatembea bila haraka. Moshi ukanipitia usoni. Sijui niligeuka lini. Nilijikuta niko nyuma yake, namfuata, pua mbele kama mbwa nyuma ya mchinjaji. Akakata kona, nami nikakata. Duka la maziwa nimeliacha nyuma. Nilijua ninachofanya, nikajionea kichefuchefu, na miguu haikusimama. Akamaliza, akakidondosha kipisi chini bila kukikanyaga. Kikawa kinafuka pale, kikavu, kirefu. Nikainama.

Simu ikalia. Ni mama mkwe. Hajapiga simu tangu akatwe, kwa kuwa anaionea haya sauti yake.

"Uo wapi?" Nikamwelewa: uko wapi.

"Njiani, mama."

"Njiani wafanya nini?"

Ningeweza kumwambia chochote. Nimewaambia watu vingi.

"Kuna kipisi chini," nikasema. "Kinafuka. Nimekiinamia."

Nikasikia pumzi zake, zinapita kwenye ile plastiki zikipiga mluzi mwembamba, zinaingia, zinatoka, zinaingia. Ilimchukua muda kulikusanya neno.

"Inuka," akasema.

Nikainuka.

"Pulisa."

Nikaiweka simu mdomoni, nikapuliza.